Mrija Si Mpira

Mume wangu ni fundi bomba. Mtaani kwetu maji yakivuja darini hawamwiti mwingine, na wakipiga simu wanasema "Fundi" tu, kana kwamba dunia nzima ina fundi mmoja. Mimi namwita Baba Pacha, kwa ajili ya mabinti zetu mapacha, na nikikasirika namwita "wewe mwanamume." Mwaka huo ninaousimulia alikuwa "wewe mwanamume" tangu kunywa chai mpaka kulala.

Nianze na jambo moja, ndipo mtaelewa kwa nini nilikuwa nabwata vile. Mume wangu ana figo moja. Ya pili ilitolewa angali kijana, kabla hajanijua, alipoanguka kutoka juu ya tangi la maji kwenye jengo na figo ikapasuka. Hiyo iliyobaki ndiyo inayofanya kazi ya mbili. Miaka kadhaa iliyopita ikaingia mawe. Akafanyiwa upasuaji, mawe yakatolewa, akarudi nyumbani, akala, akanenepa, akaanza tena kupanda juu ya mapaa ya watu. Mambo ya figo tukayasahau kabisa.

Sasa akaanza visa. Kila saa yuko msalani. Akirudi kazini anakaa kwenye kiti kashika kiuno, na nikimuuliza ananiambia ni kuinama chini ya masinki. Siku nyingine jua linawaka, watu wanajipepea, yeye kavaa sweta na anatetemeka. Ati mafua. Mafua gani hayana hata kamasi? Wifi yangu, dada yake mkubwa, mwanamke ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, akaniambia, "Ni umri huo, wifi. Mwache mdogo wangu apumue."

"Apumue," nikamwambia, "lakini mbona anapumua kwa kushika kiuno?"

Nilivyomkamata ni hivi, na hapa itabidi niitoe aibu ya nyumba yetu hadharani. Nyumba ya fundi bomba, choo hakivuti maji. Lile tangi la nyuma ya choo lilikufa mapacha wakiwa chekechea, na sasa mapacha wananizidi urefu. Kila nikimwambia, jibu lake ni kesho. Anatengeneza vyoo vya mji mzima, sisi tunamwaga maji kwa ndoo. Basi asubuhi moja maji ya bomba yalikatika na ndoo ilikuwa tupu. Baba Pacha akatoka msalani, akaufunga mlango, akasimama mbele yake kama askari wa benki.

"Pisha," nikamwambia.

"Ngoja nikatafute maji kwanza."

"Maji ya nini? Pisha, nimebanwa."

Hakupisha, nikamsukuma. Mimi si mwembamba. Nikaingia, nikaangalia ndani ya choo, na haja yangu yote ikaniishia. Mkojo ulikuwa mwekundu, kama maji ya kuoshea nyama.

"Hii ni nini?"

"Nimekula tikiti maji."

"Tikiti gani? Humu ndani hamna tikiti. Umelila wapi, na umelila na nani?"

Mwanamume kuficha damu kwa kusingizia tikiti, na mkewe akamgeuzia kesi nyingine! Ningecheka, lakini ile damu bado ilikuwa mbele yangu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Inakuja, inaondoka."

"Inakuja, inaondoka! Kwani ni mgeni? Wewe mwanamume, una figo ngapi?"

Akaangalia sakafu.

"Nimekuuliza, una figo ngapi?"

"Moja," akasema, kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe.

Mimi nashona sare za shule. Siku hiyo niliacha sketi ya watu chini ya sindano ya cherehani, nikamvalisha shati, tukaenda hospitali. Njia nzima nilikuwa nasema na yeye alikuwa anaitikia ndiyo, ndiyo. Nilipoona anaitikia hata nisipouliza kitu, nikajua maumivu yamemzidi, nikafunga mdomo.

Wakamchukua damu, wakampiga picha, tukaingia kwa daktari wa figo na njia ya mkojo. Nilimtarajia mzee mwenye mvi, kumbe binti tu, kavaa miwani mikubwa, sauti yake ya chini mpaka uinamie meza ndipo umsikie. Akatugeuzia kioo cha kompyuta. Nikaona mbavu, nikaona uti wa mgongo, na pembeni nikaona mstari mweupe mrefu uliojikunja juu na chini kama ndoano. Kwenye kila ndoano palikuwa na donge jeupe. La chini lilikuwa kubwa kama limau.

"Baba," daktari akauliza, "huu mrija uliwekwa lini?"

"Mrija gani?" Baba Pacha akashangaa.

"Huu hapa. Ncha moja iko kwenye figo, ya pili iko kwenye kibofu. Huwa tunauweka baada ya upasuaji ili mkojo upite vizuri wakati kidonda kinapona."

"Aa, huo! Huo ulishatolewa."

Daktari akaangalia picha, akamwangalia yeye. "Ulitolewa?"

"Siku ile ya kuruhusiwa. Sista aliuvuta mwenyewe, mimi naona kwa macho yangu. Na niliusikia. We daktari, niliusikia!"

"Ulitokea wapi?"

Baba Pacha akanitazama, akashusha sauti. "Mbele."

"Ulikuwa umeunganishwa na mfuko wa mkojo?"

"Ndiyo."

"Basi huo ulikuwa mpira wa mkojo, baba. Ule unaanzia nje na kuishia kwenye kibofu. Mrija ni kitu kingine, unakaa ndani moja kwa moja, huuoni. Mrija si mpira."

Sasa lazima mumjue mume wangu. Kazini kwake, kitu chochote chenye tundu kinachopindika ni mpira. Wa kumwagilia bustani ni mpira, wa kuingiza maji kwenye sinki ni mpira, wa gesi ni mpira. Mrija kwake ni ule wa kunywea soda. Kwa hiyo yule daktari wa zamani alipopita wodini akamwambia, "Tumekuwekea mrija, utarudi tuutoe," Baba Pacha alijua kwamba msomi anauita mpira kwa Kiswahili cha vitabuni. Halafu asubuhi yake sista akaja kumtoa mpira. Yeye akafurahi. Akaona wamemaliza kazi kabla ya wakati, jambo ambalo fundi huliheshimu sana.

"Na mbona walinipigia simu!" akasema, kama aliyepata shahidi wa kumtetea.

"Nani?" daktari akauliza.

"Hospitali ile. Wakaniambia, 'Mzee, mbona hujarudi kutoa mrija?' Nikawajibu, 'Ulishatolewa, asanteni sana.' Wakasema, 'Haya, pole na kazi.'"

Aliyasema kwa fahari kabisa, kifua mbele. Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Nilimwona alivyoyasikia, kwa sababu mdomo ulibaki wazi na kifua kikashuka polepole.

Jamani, hasira zilinipanda nikakosa pa kuzipeleka. Nikamgeukia daktari, maana ndiye aliyekuwa karibu. "Na ninyi kwa nini hamsemi? Mngemwambia, 'Baba, una vitu viwili, kimoja cha nje na kimoja cha ndani, cha ndani bado kipo.' Mtoto wa darasa la kwanza angeelewa! Mrija, mrija, mtu atajuaje?"

"Wee, taratibu," Baba Pacha akanivuta mkono.

"Mwache mama aseme," daktari akasema. "Ana haki. Ingetakiwa iwe hivyo."

Mtu akikukubalia haraka namna hiyo unamfanya nini?

Akatueleza bila kuzunguka. Mrija ule ulitakiwa kukaa miezi michache tu. Ukikaa miaka, chumvi za mkojo zinaganda juu yake kidogo kidogo mpaka unageuka jiwe.

"Chokaa," Baba Pacha akasema taratibu. "Kama bomba la maji ya chumvi."

"Hivyo hivyo. Na sasa njia imeziba. Mkojo unarudi juu, figo imevimba, imeingia usaha, na damu yako imeanza kuchafuka. Leo leo tunakuwekea mrija mwingine mgongoni, mkojo utokee huko figo ipumue. Homa ikiisha tutavunja mawe na kuutoa huu wa zamani." Akavua miwani. "Sitawadanganya. Ingekuwa figo mbili ningekuwa na wasiwasi mdogo. Hii ndiyo iliyopo. Tukiipoteza, utaishi kwa kusafishwa damu kwenye mashine."

Baba Pacha akaitikia ndiyo, ndiyo. Mimi nikamshika mkono chini ya meza, nikaubana mpaka nadhani nilimuumiza. Hakuutoa.

Mrija wa mgongoni ukawekwa. Kiunoni kwake, upande wa kulia, ukatoka uzi mnene wa plastiki, ukashuka mpaka kwenye mfuko aliofungiwa pajani. Nami nikasema safari hii hatuchanganyi majina. Ule wa zamani uliojificha ndani tukauita Mpangaji, maana alikaa bila kulipa kodi na hataki kuhama. Wa mgongoni tukamwita Mgeni. Daktari alitusikia akacheka, na siku ya pili nikamsikia naye anamuuliza, "Mgeni anaendeleaje?" Nikampenda yule binti kuanzia hapo.

Homa ikashuka. Tukaruhusiwa kwenda kusubiri nyumbani mpaka figo itulie na usaha uishe. Nikamshonea mfuko wa kitambaa cha sare, rangi ya bluu, wenye kamba za kufungia kiunoni, ili ule wa plastiki ufichike ndani ya suruali na usimkwaruze paja. Kazi nzuri niliyoifanya, nikaipiga na pasi. Lakini ndani ya suruali hakuna aliyeiona, kwa sababu mwenye suruali hakutoka nje hata mara moja. Simu ikiita, anamwambia pacha mmoja, "Sema Fundi amesafiri." Amesafiri wapi, na huku kukohoa kwake kunasikika mpaka kwa jirani! Wifi akija anamkuta kakaa upande mmoja wa kochi, televisheni inawaka na haiangalii.

"Mdogo wangu amekuwa mpole," wifi akaninong'oneza.

"Hajawa mpole, wifi. Anaogopa."

"Muulize."

"Nikimuuliza anasema yuko sawa. Amejikaza kisabuni."

Siku moja mchana nikiwa kwenye cherehani nikasikia chuma kinagonga chuma. Nikaenda. Nikamkuta Baba Pacha msalani, kapiga magoti, kaweka spana na boya jipya juu ya kitambaa, kafungua mfuniko wa tangi la choo. Mgeni wake kaning'inia pajani. Miaka yote hiyo ya kesho, kesho, na leo mgonjwa ndiyo anatengeneza choo.

Ningefurahi. Nilitaka hata kupiga vigelegele. Lakini nikauona uso wake.

"Kulikoni?" nikamuuliza.

"Nataka niwaachie choo kizima."

"Utuachie? Kwani unaenda wapi?"

Akaendelea kuzungusha nati. "Ile mashine nimeiona, Mama Pacha. Nilipita pale mlangoni wakinipeleka kupimwa. Watu wamelala wamefungwa mipira, leo wanakwenda, kesho wamechoka, keshokutwa wanarudi tena. Kuna mmoja ananifahamu, nilimtengenezea bafu. Alijitahidi kuninyooshea mkono. Mimi nikishakuwa vile, nani ataniruhusu nipande juu ya tangi lake? Nitakuwa fundi wa nini? Na ukute hata hiyo mashine yenyewe haikunisaidia." Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Nilisema angalau choo."

Nikamnyang'anya spana. Sijui nilipata wapi nguvu, mkono wake ni mkubwa kuliko wangu.

"Weka chini. Choo hiki hakitengenezwi leo."

"Mama Pacha..."

"Nimesema hakitengenezwi! Sitaki choo cha kuagwa. Utakitengeneza ukipona, kwa sababu nimekupigia kelele, kama kawaida, na utasema kesho, na mimi nitakununia. Hivyo ndivyo choo hiki kitakavyotengenezwa. Umenisikia?"

Halafu nikalia. Mimi silii ovyo, wanaonijua wanajua. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nikalia kwa sauti, spana mapajani. Naye akakaa kwenye ukingo wa choo, akajipangusa macho.

"Ninaogopa," akasema.

"Na mimi naogopa. Unadhani makelele yote haya ni ya nini?"

"Nilijua ni tabia tu."

Nikampiga na kitambaa. Mlango ukagongwa, mapacha wakauliza kwa pamoja, "Nyie wazee mmejifungia humo mnafanya nini?" Tukaanza kucheka, tukashindwa kuwajibu. Tangu siku hiyo akawa anapokea simu zake mwenyewe. Alikuwa anawaambia wateja, "Nina bomba limeziba, nikimaliza langu nitakuja kwako."

Siku ya upasuaji wifi alikuja amevaa nguo ya sherehe. Sikumuuliza. Tulikaa kwenye benchi la koridoni, yeye anaomba Mungu kwa sauti na mimi natengua uzi kwenye pindo la gauni langu. Muda ukaenda. Wagonjwa walioingia baada yake wakatolewa, yeye bado. Nikaanza kuona kila mlango unaofunguliwa umebeba habari mbaya.

"Nikwambie kitu, wifi," wifi akasema ghafla. "Hii figo ikishindikana, nitampa yangu."

"Wifi, wewe una presha na una sukari. Hawataikubali."

Akafikiri. "Basi nitampa ya kwako."

Nilicheka mpaka machozi, na yalipoanza kutoka yakageuka kuwa ya kweli. Wifi akanikumbatia na ile nguo yake ya sherehe, yenye shanga zinazochoma, na akaniambia kwamba tangu ndugu yake anilete nyumbani hajawahi kumhofia. Maneno hayo hajayarudia tena, na mimi sitaki ayarudie, tutaharibu uhusiano.

Daktari akatoka, kofia ya plastiki bado kichwani. Nikasimama, pindo la gauni limeshafumuka mpaka gotini.

"Mpangaji amehama," akasema.

"Mrija wote? Na mizigo yake?"

"Wote. Ulikatika vipande, mawe tumeyavunja, tumetoa kila kitu. Nimepiga picha nyingine kabla ya kumfunga. Njoo uone mwenyewe." Akanionyesha kwenye simu ya kazini. Mbavu, uti wa mgongo, na Mgeni wetu mgongoni. Mstari ule mweupe haukuwepo. Nikamwomba anionyeshe tena.

"Na figo?"

"Figo inatengeneza mkojo, na damu inaanza kusafika. Hilo ni zuri sana. Kilichobaki ni njia. Ile njia ya asili ya kutoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu imekaa na jiwe miaka, imechubuka. Kwa sasa mkojo wote unapita kwa Mgeni. Tutamwacha apumzike, kisha tutamfunga Mgeni tuone. Kama njia iko wazi, mkojo utashuka wenyewe utokee mbele. Kama imekaza, maumivu na homa vitarudi, atabaki na mfuko mgongoni. Na figo moja yenye mfuko wa nje inashambuliwa na wadudu mara kwa mara, mama. Mwisho wake mara nyingi ni ile mashine."

Kwa hiyo hatukuwa tumefika. Nilikaa tena kwenye benchi.

Asubuhi ya kumfunga Mgeni ikafika. Mpira wa mbele, aliowekewa siku ya upasuaji, ulikuwa umetolewa jana yake, na sista aliutaja jina huku anauvuta, akautaja tena, akatuonyesha mwisho wake, mpaka nikamwambia basi, sista, tumeuona. Ni mwanamke mnene mcheshi, anawaita wagonjwa wote wanangu, hata wenye ndevu nyeupe. Akashika kale kakoki ka plastiki kwenye mrija wa mgongoni.

"Nafunga," akasema.

"Zungusha mpaka mwisho," Baba Pacha akamwelekeza. "Usikaze sana, plastiki hiyo itapasuka. Hebu nione. Haya, hapo."

"Mwanangu, lala. Hapa fundi ni mimi."

Akampa jagi la plastiki lenye alama pembeni. Mkojo ukitoka uingie humo, upimwe. Kisha tukasubiri. Akanywa maji. Akanywa tena. Mapacha walikuwa wametuma salamu kwa simu, akawasikiliza. Nilimwangalia uso muda wote ule, nikitafuta jasho. Likaja. Vitone vidogo juu ya mdomo.

"Unaumwa?"

"Pamekuwa pazito."

"Wapi? Mgongoni? Niite sista?"

"Ngoja."

"Ningoje nini, wewe mwanamume? Ni kungoja kwako ndiko kulikotufikisha hapa!"

"Ngoja, Mama Pacha." Akashusha miguu kitandani. "Ni chini. Nadhani ni chini. Nataka kwenda."

Nikamshika mkono wa kushoto, wifi akamshika wa kulia, tukaenda hatua za bata mpaka mlango wa msala wa wodi. Akaingia na jagi lake. Mlango ukafungwa. Mimi na wifi tukabaki nje, masikio kwenye mbao.

Kimya.

"Mama Pacha, uko hapo mlangoni?"

"Niko."

"Ondoka. Nashindwa ukinisikiliza."

"Ala! Miaka yote tumelala kitanda kimoja, leo ndiyo unaona haya?"

"Ondoka!"

Nikapiga hatua nzito pale pale nilipo, kisha nyepesi, kisha nyepesi zaidi, kama mtu anayekwenda mbali. Wifi akaziba mdomo kwa mikono miwili. Hakuna hata mmoja aliyesogea. Nikafumba macho. Niliomba, na sikuomba kwa maneno mazuri. Nilisema, Mungu, mkojo tu. Sijakuomba kingine mwaka huu.

Bado kimya. Nikasikia anahema. Nikasikia anahamisha uzito mguu huu kwenda mguu ule. Nikaanza kumfikiria kwenye ile mashine, na mimi nimekaa pembeni na kitambaa cha sare cha kushona, na nikajiambia hata hivyo nitakaa. Hata hivyo.

Ndipo nikasikia tone. Likagonga plastiki. Likafuata lingine. Kisha ukaja mfululizo mwembamba, ukakatika, nikaacha kupumua, ukarudi. Ukarudi na haukukatika tena. Wifi alinikamata bega, kucha zikaniingia, nikamwacha. Nilikuwa nasikiliza mume wangu anakojoa na sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile.

Mlango ukafunguliwa. Baba Pacha alisimama pale, kalishika jagi kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni na hana mkono wa kuyafuta.

"Njano," akasema. "Mama Pacha, ona. Njano safi."

"Na maumivu?"

"Yameshuka. Yameshuka nao."

Sista alikuwa ameshafika, akanyoosha mkono apokee jagi. Nikamkatalia. Nikalichukua mwenyewe. Lilikuwa na joto, nikalisikia joto lile viganjani, nikapita nalo katikati ya vitanda, watu wananiangalia, bibi mmoja akajifunika pua. Waangalie. Nyuma yangu wifi akapiga kigelegele wodini, sista akamwambia shiii, akapiga kingine.

Tukaliweka jagi kwenye meza ya dirishani. Sista akainama akasoma alama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema leo Mgeni ataendelea kufungwa, na kama hali itabaki hivi kesho daktari atamtoa.

"Haya mama," akaniambia, "nimeshapima. Unaweza kwenda kumwaga."

Nikamwambia aniachie kidogo, bado naangalia.